Kabla Hujaangaliziwa: mwongozo kuhusu karata za taroti na ramli

Alizeti ikishauzwa na pesa ikaanza kuonekana mikononi mwa watu, Mgori, kwetu Singida, hupokea wageni wa kila aina: wanunuzi wa kuku, wauza mitumba, na wasoma nyota. Zamani msoma nyota alikuja na tunguli au mchanga wake, akafikia kwa mwenyeji. Siku hizi yumo pia ndani ya simu. Anapanga mezani karata zenye picha, anajirekodi, anasema kwamba ukiiona video hii basi ujumbe ni wako, kisha anaacha namba ya WhatsApp. Hizo ndizo karata za taroti, na wengi wanaozitazama hawajui zimetoka wapi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako unayefikiria kwenda kuangaliziwa, uliyekwisha kwenda, au mwenye mama, mke au mdogo wako anayekwenda. Haukulazimishi uamini au ukatae. Unakuonyesha pale ambapo mambo haya huacha kuwa mazungumzo na kuanza kuumiza watu. Ni pale msomaji anapotaja jina la mtu mwingine, na pale jibu lake linapochukua nafasi ya zahanati.

Kwa nini Singida tulichukulie jambo hili kwa uzito

Mkoa wetu una kumbukumbu nzito. Katika miaka ya 1920, na tena mwishoni mwa miaka ya 1940, nchi ya Wanyaturu ilikumbwa na mauaji yaliyoitwa ya watu-simba. Maiti zilikutwa na majeraha kama ya makucha, ikasemwa kwamba kuna wachawi wanaofuga watu na kuwatuma wakaue kama simba. Katika hofu ya namna ile, kila mwenye ugomvi na jirani alikuwa na jina la kutaja.

Si habari za kale tu. Agosti 2024 Jeshi la Polisi lilitangaza kufukuliwa kwa miili ya watu waliouawa na kufukiwa kwa siri. Miongoni mwa waliokamatwa alikuwamo mganga wa kienyeji, na kijiji cha Makuro, humu humu wilayani Singida, kilikuwa kimojawapo cha maeneo yaliyotajwa. Kwa nchi nzima, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikadiria kuwa watu wapatao 3,000 waliuawa kati ya 2005 na 2011 kwa kutuhumiwa uchawi. Wengi walikuwa bibi zetu, wengine wakiwa na kosa la macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni wa miaka mingi. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli baada ya mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, na polisi wakaanza msako.

Karata za taroti hazijahusishwa na mauaji hayo. Lakini anayezisoma na anayepiga ramli hukaa kwenye kiti kimoja mbele yako: wewe una hofu, yeye ana jibu. Akiwa mwovu au mjinga, kifaa alichoshika hakikupunguzii hatari.

Wanayosema watu, na ukweli wake

*"Karata hizi ni elimu ya siri ya Misri ya kale."* Hapana. Zilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, zikiwa mchezo wa karata wa matajiri. Ziko 78: 22 ni kubwa, na 56 zinafanana na karata za kawaida tunazochezea. Habari ya Misri ilianzishwa na Mfaransa Antoine Court de Gébelin mwaka 1781, wakati hakuna mtu duniani aliyeweza kusoma maandishi ya kale ya Misri. Yalifumbuliwa mwaka 1822. Picha unazoziona mara nyingi mtandaoni zilichorwa na Pamela Colman Smith na kuchapishwa London mwaka 1909. Anayekuambia karata zake zina miaka elfu tatu anakudanganya, au amedanganywa.

*"Ikitoka karata ya kifo, kuna msiba."* Hii imewanyima watu wengi usingizi. Itazame vizuri karata yenyewe, namba 13: mifupa imevaa vazi la chuma jeusi, imepanda farasi mweupe, imeshika bendera nyeusi yenye ua jeupe. Nyuma kabisa, kati ya minara miwili, kuna jua. Wasomaji wa taroti wenyewe huifundisha kuwa karata ya mambo kufika mwisho na mengine kuanza, kama kuhama au kuacha kazi. Msomaji anayeitumia kukutangazia kifo cha mwanao anavunja hata kanuni za kazi yake.

*"Alijua mambo yangu yote, lazima ana nguvu."* Hapa ndipo wengi wanapokamatwa, kwa hiyo tukae kidogo. Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia nchini Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake mtihani wa tabia, kisha akampa kila mmoja maelezo aliyodai ni yake peke yake. Wakaombwa kuyapima kwa alama kutoka 0 hadi 5. Wastani ulikuwa 4.26. Kumbe wote walipewa karatasi yenye maneno yaleyale, mengi yake yakiwa yametolewa katika kitabu cha unajimu.

Jaribu hapa. "Kuna mtu wa karibu uliyemwamini akakuvunja moyo. Pesa inaingia lakini haikai. Una kipaji ambacho hakijatumika. Usiku unawaza sana." Nani Mgori hii maneno hayo hayamhusu? Msomaji anaanza na maneno mapana, anakutazama usoni, unapotikisa kichwa anafuata njia hiyo, unapokunja uso anageuza. Mwisho ni wewe uliyemweleza kila kitu, lakini unatoka ukiamini amekieleza yeye. Na wa mtandaoni ana msaada zaidi: picha zako za status, majina ya watoto wako uliyoyaandika siku ya kuzaliwa kwao, hata picha ya mazishi uliyoiweka. Anayekuja kijijini kwa miguu ana mwenyeji wake, na mwenyeji anajua nani kafiwa, nani kaachwa, na nani kauza ng'ombe juzi.

*"Karata ni za Kizungu, ramli ya mchanga ndiyo ya kweli."* Ramli ya mchanga ilitufikia kwa Waarabu kupitia pwani, na ukijua inavyopigwa utaona undugu wake na karata. Mpigaji anachoma vitone mchangani kwa haraka bila kuhesabu, mistari minne. Kisha anafuta viwili viwili kila mstari mpaka kinabaki kitone kimoja au viwili. Mistari minne hiyo inatoa umbo moja kati ya maumbo 16, na kila umbo lina maana zake. Karata nazo huchanganywa, zikatolewa tatu. Zinaweza kutoka kwa mpangilio wa namna 456,456. Pande zote mbili kinachotoka kimetoka kwa bahati. Maana inatiwa na binadamu aliyekaa mbele yako, kwa hiyo mchunguze huyo binadamu.

*"Ni maombi tu ya namna nyingine, dini haina neno."* Ina neno. Kumbukumbu la Torati sura ya 18 inakataza kupiga ramli. Qurani, sura ya 5 aya ya 90, inakataza mishale ya kupigia ramli pamoja na ulevi na kamari, na hadithi iliyomo katika Sahih Muslim inasema anayemwendea mtabiri kumuuliza jambo hakubaliwi sala yake kwa siku arobaini. Usidanganyike na msomaji anayetundika rozari au anayeanza kwa bismillahi. Dhamiri yako ikikusuta, zungumza na kiongozi wako wa dini kabla ya kwenda.

Faida zipo?

Zipo, na kuzikana si haki. Mtu anayekwenda kusomewa hupata saa nzima ya kusikilizwa bila kukatizwa, jambo ambalo wengi wetu hatulipati nyumbani. Hulazimika kulitamka lile lililokuwa likimsumbua. Picha ya karata humpa pa kuanzia: akiona mnara unaopigwa na radi, anaweza kwa mara ya kwanza kusema ndoa yake ilivyomtikisa. Wako watu, hasa Ulaya na Marekani, wanaozitumia karata peke yao kwa namna hiyo tu, kama kioo cha kujitazamia, bila kutabiri chochote.

Lakini kilicholeta nafuu hapo ni kusikilizwa na kutafakari. Vyote viwili unaweza kuvipata bila karata na bila kulipa. Fanya hivi jambo likikuelemea:

1. Kaa mahali pa utulivu, andika swali lako kwa sentensi moja. "Kwa nini duka haliendi?" ni swali. "Nani ananiloga?" tayari limebeba jibu, liandike upya.
2. Chini yake andika unachokijua kwa hakika, kisha kando andika unachokihisi. Usivichanganye.
3. Andika hatua mbili unazoweza kuchukua wewe mwenyewe ndani ya wiki moja. Kwa duka, ya kwanza ni daftari: kila kilichouzwa, kilichokopeshwa na kilichochukuliwa na wa nyumbani. Pesa nyingi zinazodhaniwa kuvutwa kichawi na "chuma ulete" huonekana kwenye safu ya waliokopeshwa.
4. Msomee mtu mmoja unayemwamini ambaye hatapata pesa kutokana na jibu lako: shangazi, mchungaji, imamu, mwalimu, rafiki wa kikoba.
5. Subiri siku tatu ndipo uamue.

Hatari, kwa mpangilio wa uzito wake

Ya kwanza ni jina. Msomaji akishasema "ni mwanamke mzee, jirani upande wa machweo", kichwa chako kitamalizia. Hahitaji kutaja zaidi. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, iliyoanza mwaka 1928 enzi za Waingereza, inahesabu hata kujidai kuwa na maarifa ya mambo ya siri kuwa ni uchawi, na inafanya kosa kumtaja mtu kuwa mchawi au kumtafuta mtu amtaje kwa njia hizo. Maana yake si mpiga ramli peke yake anayeweza kushtakiwa. Wewe uliyempa kazi ya kumtafuta "aliyekuroga" umo pia.

Ya pili ni kuchelewa kutibiwa. Mtoto mwenye homa anayekakamaa na kutupa mikono ana degedege, na huenda ni malaria kali. Anahitaji matibabu hospitalini saa hiyohiyo, kwani asubuhi inaweza kuwa imechelewa. Kifafa kina dawa ya vidonge. Kusikia sauti, kukosa usingizi kwa wiki, kutamani kufa: hayo ni magonjwa yanayotibika kuanzia kituo cha afya cha karibu, hospitali ya wilaya, ya rufaa ya mkoa, hadi Mirembe, Dodoma. Hakuna karata inayopima damu.

Kisha pesa, na namna zinavyotolewa. Mfano wa ngazi ulivyo kwenye WhatsApp: kwanza unasomewa bure. Pili, sh 5,000 ya "kufungua kitabu". Tatu, karata zimeonyesha nyota yako imefungwa, kuisafisha ni sh 30,000. Nne, kafara imekataa, inahitajika nyingine, sh 150,000, na lazima iwe leo kabla jua halijazama. Ukisema huna, unaambiwa kazi ikiishia katikati madhara yatarudi kwa wanao. Kila ngazi imewekwa ili uone uchungu wa kupoteza ulichokwisha lipa.

Na iko hatari isiyo na kelele: mazoea. Anayeanza kwa swali kubwa la ndoa hujikuta anauliza kama asafiri Jumanne. Ukiona huwezi kuamua bila kuuliza, umeshapoteza kitu cha thamani kuliko ada.

> MANENO HAYA YAKISEMWA, INUKA UONDOKE
>
> ☐ "Kuna mtu wa karibu anakufanyia hivi, nikikutajia utaniamini?"
> ☐ "Acha kwanza dawa za hospitali."
> ☐ "Usimwambie mumeo, mkeo wala ndugu."
> ☐ "Niletee nguo ya ndani, nywele, au picha ya fulani."
> ☐ "Njoo usiku peke yako", au "mlete binti yako nimwogeshe."
> ☐ "Nitumie namba ya NIDA, namba ya siri ya simu, picha ukiwa umevua nguo."
> ☐ "Ukisitisha utakufa."
> ☐ Chochote kinachotaja kiungo cha mwili wa mtu. Hapa usiondoke tu: ukishatoka salama, piga 112.

Ukiamua kwenda hata hivyo

Wapo watakaokwenda. Kwao, afadhali waende wakiwa na mipaka.

1. Mwambie mtu mzima mmoja unakwenda wapi na kwa nani. Ukiona aibu kumwambia yeyote, hiyo pekee ni sababu ya kutokwenda.
2. Weka kiwango cha pesa, ubebe hicho tu. Simu yenye salio la M-Pesa au Airtel Money iache nyumbani.
3. Kabla hajaanza sema wazi: "Sitaki kutajiwa mtu. Niambie juu yangu tu." Akikubali, muda wote mkumbushe. Akicheka au kukasirika, umeshapata jibu la kukutosha.
4. Usimlishe habari. Swali lake lijibu kwa maneno machache, uone atafika wapi peke yake.
5. Ugonjwa usiupeleke huko. Kama unataka tiba za asili, ziko kisheria: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga. Omba kuona cheti, na ukitilia shaka muulize mratibu wa tiba asili wa halmashauri. Cheti hicho ni cha kutoa dawa. Hakimruhusu mtu kupiga ramli chonganishi, yaani ya kutaja watu na kuwagombanisha.
6. Usifanye uamuzi wowote siku hiyo: usiuze, usifukuze, usiachane.

Makosa yanayorudiwa sana ni mawili. Watu humpima msomaji kwa yale aliyopatia na kusahau aliyokosea; andika yote aliyosema, ukayasome baada ya miezi mitatu. Na watu huenda kwa msomaji wa pili kuthibitisha ya wa kwanza, wakimsimulia kila kitu wanapofika. Wa pili atathibitisha, maana wamemsaidia.

Jina likishatajwa

Sehemu hii naomba uisome hata kama hujawahi kukanyaga kwa mpiga ramli, kwa sababu inaweza kuja mlangoni kwako kwa miguu ya watu wengine.

Ukiwa wewe uliyetajiwa jina, lizike. Usimwambie mkeo, usimwambie kaka yako, usiliseme kwenye pombe. Jina likitoka nyumbani kwako huwezi tena kulirudisha, na kitakachomkuta huyo mtu kitakufuata mahakamani.

Likiwa jina la mtu mwingine limeanza kuzungumzwa kijijini:

1. Mfikie Afisa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata na Polisi Kata siku hiyohiyo. Eleza nani alitaja, wapi, na mbele ya nani.
2. Mtoe anayetuhumiwa, hasa akiwa bibi anayeishi peke yake, akalale kwa ndugu wa kijiji kingine mpaka hali itulie. Asiachwe peke yake usiku hata mmoja.
3. Akiwa ni mtoto, au mtu mwenye ualbino anayetajwa kwa habari za "utajiri", piga 112. Namba 116 ya huduma kwa mtoto nayo haina malipo. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Litaje kwa jina unapofika kituoni.
4. Mtafute Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, Ilongero, na msaidizi wa kisheria aliye karibu.
5. Kama familia inayotuhumu imefiwa, wapate wazee na viongozi wa dini wakakae nayo. Watu waliofiwa wanatafuta sababu. Majibu ya daktari kuhusu kifo kile yakielezwa vizuri huzima moto mwingi.

Lambalamba, yaani wafichua wachawi wanaozunguka vijijini, ni jambo la kijiji kizima. Wanaalikwa "kusafisha" kijiji, kila kaya inachangishwa, wanaingia nyumba kwa nyumba na kuchimbua vibuyu ambavyo hakuna aliyeona vilifikaje pale. Wakiondoka wanaacha orodha ya wachawi na majirani wasiosalimiana. Vijiji vya kandokando ya msitu wa Mgori, yaani Ngimu, Pohama, Unyampanda, Mughunga na Nduamughanga, vinajua kujilinda kwa mkutano: katikati ya miaka ya 1990 vilianza kutunga sheria ndogo na kuweka walinzi wake kuulinda msitu. Uwezo uleule utumike kulinda watu. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila miezi mitatu. Peleka hoja iandikwe kwenye muhtasari kwamba kijiji hakimwaliki wala hakimchangii mtu yeyote anayefichua wachawi. Ipeleke mapema, kabla ya msiba, maana siku ya msiba hakuna atakayekusikiliza.

Ukishatapeliwa kwa simu

1. Acha kutuma. Hata "ya mwisho" usitume.
2. Piga 100, huduma kwa wateja wa mtandao wako, uombe muamala uzuiwe. Dakika za mwanzo ndizo zenye nafasi.
3. Usifute ujumbe, sauti wala namba. Piga picha ya skrini.
4. Sambaza ujumbe wa kitapeli kwenda 15040, kisha fuata maelekezo utakayoletewa.
5. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, hasa kama ulimpa namba ya NIDA. Usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma ifutwe.
6. Ripoti polisi, upewe namba ya taarifa. Akitishia kusambaza picha zako, usimlipe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamhusu yeye.

Usikae na aibu ukamwacha tapeli ahamie kwa jirani yako. Na kama hivi leo, unaposoma, kuna bibi wa kijijini kwako ambaye jina lake limeanza kunong'onwa, funga ukurasa huu uende kwa Mtendaji sasa hivi.